"Amejiua kwa sababu ya deni": sentensi inayoficha nusu ya habari

Habari ya mtu kujiua hufika sokoni ikiwa tayari imefungashwa na sababu yake. Urambo, mkoani Tabora, watasema ni deni la tumbaku. Nzega watasema ni wivu wa mapenzi. Mwingine atashusha sauti aseme karogwa. Sababu hizi hazitoki hewani. Mara nyingi deni lipo kweli na ugomvi ulikuwapo kweli. Lakini tuseme wanachama 60 wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wamekatwa makato yaleyale msimu uleule. Wanachama 59 wananung'unika, wanagomba mkutanoni, kisha wanarudi kuandaa vitalu. Mmoja anajiua. Deni peke yake haliwezi kueleza tofauti hiyo, na kijiji kinachoishia kwenye jibu la deni hakitajua kesho kimshike nani mkono.

Tutenganishe maneno kwanza. Mawazo ya kujiua yana ngazi: yupo anayetamani tu alale asiamke, yupo anayewaza namna, yupo aliyekwisha panga siku. Jaribio ni kitendo cha kujidhuru kwa nia ya kufa ambacho mtu amenusurika. Sonona ni ugonjwa: huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku kwa angalau wiki 2, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita, nguvu kuisha na mtu kujiona hana thamani. Sonona huongeza hatari sana, ila si kila mwenye sonona hujiua, na si kila aliyejiua alikuwa na sonona. Lipo kundi kubwa, hasa vijijini, la watu wanaofika ukingoni ndani ya saa chache tu baada ya fedheha au ugomvi, pombe ikiwa kichwani. Hilo la saa chache liwekeni akilini, maana nusu ya kinga imejengwa juu yake.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na karibu 73 kati ya kila 100 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaume hufa kwa njia hii karibu mara mbili ya wanawake. Kwa hiyo maneno ya kilabuni kwamba haya ni mambo ya Wazungu, au ya vijana wa mjini wa siku hizi, hayana mguu wa kusimamia.

Mkulima yeyote wa tumbaku ya mvuke anajua kwamba bani, banda la kukaushia majani, haliungui kwa sababu moja. Majani yamekauka. Moto wa tanuru umezidi kipimo. Fito imelegea, jani likadondoka juu ya bomba la moto. Paa ni la nyasi. Na mwangalizi, baada ya usiku wa tano wa kukesha, amesinzia. Ukiuliza asubuhi nini kimechoma bani, utajibiwa "jani limeanguka", na ni kweli, ila majani huanguka kila siku bila bani kuungua. Kwa mtu anayejiua, ukavu ni mzigo wa muda mrefu: sonona, ulevi, maumivu yasiyopona, vipigo vya utotoni. Moto uliozidi ni shinikizo la msimu. Jani ni kichocheo, lile tukio la mwisho ambalo kila mtu analiona. Nyasi ni njia ya kujidhuru iliyo karibu na mkono. Mwangalizi ni sisi. Si lazima uondoe vyote. Kimoja kikiondoka kwa wakati, mara nyingi bani linapona.

Deni linavyofunga milango

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, kwa hiyo mkulima hupokea fedha kubwa mara moja na kuitumia miezi 12. Kaliua, Urambo, Sikonge na Uyui, pembejeo za tumbaku huja kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, na kukatwa wakati wa mauzo. Januari hadi Machi mahindi ghalani yamekwisha, na shamba nalo linadai vibarua. Hapo ndipo unapoingia mkopo wa pili, ule wa kausha damu, wa mtu binafsi na wenye riba kali, kwa dhamana ya pikipiki au kipande cha shamba. Halafu mvua ya mawe inapasua majani kwa dakika 10, au bani linaungua, au daraja la ubora wa tumbaku linashuka siku ya soko, au malipo yanachelewa wakati riba haichelewi.

Mpaka hapo ni hesabu. Kibaya zaidi kinafuata. Mkopo wa chama mara nyingi hubebwa na wanachama wote kwa pamoja, hivyo anayeshindwa kulipa anajua kwamba jirani yake atakatwa kwa ajili yake. Yule ambaye angekuwa wa kwanza kuona mlango haujafunguliwa asubuhi, sasa ni mdai. Mtu anaacha mikutano. Anapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Haendi msibani kwa kuwa hana mchango, na kijijini asiyeonekana msibani husemwa mpaka na watoto. Deni limekula fedha zake, kisha limekula watu wake.

Mwanasosholojia wa Ufaransa, Émile Durkheim, aliandika mwaka 1897 kwamba kujiua huongezeka pale mafungamano ya mtu na wenzake yanapolegea, na pia pale hali ya maisha inapogeuka ghafla kiasi kwamba mtu hajui tena nafasi yake ni ipi. Wanaosema "kijijini kwetu hakuna upweke" wanahesabu watu wanaosalimiana. Wangehesabu wanaoambiana ukweli, wangepata idadi nyingine.

Kwa hiyo msaada wa deni hauanzi na fedha. Unaanza na karatasi moja: nani anadai, kiasi gani, riba ipi, tarehe ipi, na mtu wa pili akiwa amekaa pembeni wakati wa kuandika. Madeni yaliyo kichwani huonekana 10. Yakiandikwa huwa 4. Hatua ya pili ni kwenda kwa viongozi wa chama kabla ya soko, tena ukiwa na msindikizaji, kuomba deni ligawanywe kwa misimu 2. Ukisubiri hadi makato yatoke, unaomba huku kila mtu ana hasira. Chama nacho kina la kufanya: madeni yatajwe mkutanoni kwa namba ya mwanachama, lisitajwe jina, na wadai wasitumwe nyumbani kwa mtu usiku. Kwa wakopeshaji binafsi, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wawe na leseni. Asiye nayo akianza kutisha, mtendaji wa kijiji ahusishwe mapema.

Si wanaume wa tumbaku peke yao. Mwanamke anayepigwa hurudi kwao akaambiwa arejee kwa mume, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishaozea mke kaka yake. Pale mlango umefungwa pande mbili. Binti aliyepata mimba shuleni huona maisha yamekwisha, wakati tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliojifungua kurudi shule. Mzazi au mwalimu anayejua hilo na kulisema siku ileile anampa binti kitu cha kushika. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka 50 ya kupikia kuni huitwa mchawi, watoto wakakatazwa kupita kwake. Wahamiaji waliofuata ardhi au malisho hawana mjomba wa karibu wa kukimbilia. Ukitazama vizuri, hawa wote wana kitu kimoja kinachofanana na mdaiwa wetu: watu wapo, ila mlango wa kuwafikia umefungwa.

Sumu ya shambani: yaliyothibitika na yasiyothibitika

Usemi unaoharibu kazi kuliko wote ni "anayetaka kufa atatafuta njia nyingine". Sri Lanka ilikuwa katikati ya miaka ya 1990 miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa vya kujiua duniani. Ikapiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, kwa awamu kubwa mwaka 1995 na 1998 na nyingine baadaye. Kufikia 2015 kiwango cha kujiua kilikuwa kimeshuka kwa karibu asilimia 70, na mavuno hayakuporomoka. Kama kila aliyekosa sumu kali angetafuta njia nyingine, jumla isingeshuka. Inashuka kwa sababu ya zile saa chache: wimbi likipita na mtu bado yuko hai, wengi hawarudi tena kutaka kufa.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana ushauri wa "fungia dawa kwenye sanduku" umesambaa kama dawa ya yote. Nchini Sri Lanka hukohuko utafiti mkubwa ulifanyika katika vijiji 180, zaidi ya kaya 53,000, nusu ya vijiji vikapewa masanduku ya kufuli ya kuhifadhia viuatilifu nyumbani. Tofauti haikuonekana katika idadi ya waliojidhuru kwa sumu. Haishangazi sana: ufunguo hulala nyumba ileile na mwenye shida, mara nyingi mfukoni mwake.

Kwa hiyo kinachohitajika ni umbali. Dawa ya kupulizia ikae ghala la chama au kwa mtu mmoja wa kitongoji aliyekubaliwa, itolewe ya kazi ya siku hiyo, na iliyobaki irudishwe jioni. Nunueni ya mpulizo mmoja, hata kama chupa kubwa ni nafuu. Isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Hapo watoto nao hufa kwa bahati mbaya. Makopo matupu yasuuzwe mara 3, maji ya suuzo yaingie kwenye bomba la kupulizia, kopo litobolewe. Mwenye duka la pembejeo anaweza kuuliza swali la kawaida kabisa, "Unapulizia zao gani, lina mdudu gani?", na asimuuzie aliyelewa au anayelia. Dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu isiingie dukani kabisa. Na nyumba ambayo mtu amesema hataki kuishi, viuatilifu vyote na dawa za hospitali zilizorundikana vihamie kwa ndugu leo, bila kusubiri kikao cha ukoo.

Mtu akiwa amekwisha kunywa, msimtapishe. Maziwa, mafuta ya kula na mayai mabichi havizimui sumu. Huweza kumfanya atapike na sumu ikaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mvueni nguo zilizolowa na kumwosha ngozi huku mkilinda mikono yenu, kisha aende kituo cha afya pamoja na kopo lenye lebo. Aende hata akisema anajisikia vizuri.

Kuuliza

Dalili nyingi hufanana na uchovu wa kawaida, ila mabadiliko ndiyo yanayosema. Aliyekuwa mcheshi ananyamaza. Anaanza kunywa peke yake. Ng'ombe hawajanyweshwa. Anagawa vitu alivyovipenda, anawaomba watu msamaha wa mambo ya zamani, anasema "mtanikumbuka" au "mzigo huu nitautua". Baada ya wiki za dhiki anaweza kutulia ghafla, na familia ikashukuru. Utulivu wa namna hiyo nao uulizwe.

Hofu kubwa ya watu ni kwamba kuuliza kutampa wazo. Tafiti zimechunguza hili kwa miaka mingi na hazikuona madhara hayo. Kwa wengi kuulizwa hupunguza mzigo, kwa sababu kwa mara ya kwanza neno limetamkwa na mwingine. Hadithi pacha ni kwamba "anayesema hafanyi". Wengi waliojiua walikwisha sema, kwa njia moja au nyingine.

Swali liwe la moja kwa moja, na litanguliwe na ulichokiona. Tuseme jirani anamkuta mwenzake uani:

"Baba Shija, wiki ya pili sikuoni chamani, na shemeji anasema hulali. Mambo yamekuwa mazito kiasi cha kuwaza kujiua?"

"Aa, jirani, maneno gani hayo."

"Ni maneno mazito, ndiyo. Sikuulizi nikuhukumu. Nimekaa, sina haraka."

Kisha kimya. Kimya hicho ndicho sehemu ngumu, na wengi hukiharibu kwa kukijaza na mahubiri, "mwanaume jikaze", au hadithi ya mtu mwenye shida kubwa zaidi. Nyamaza. Akikubali, maswali yanayofuata ni matatu tu: amewaza namna gani, ana hicho kitu karibu, amepanga lini. Mwenye namna, kitu na siku haachwi peke yake hata kwenda chooni bila mtu kusubiri nje, na safari ya kituo cha afya ni siku hiyohiyo. Usikubali kuapishwa kutunza siri. Mwambie: "Nitawaambia watu wawili tu, tuchague wote ni akina nani."

Anayefaa kuuliza si lazima awe ndugu. Wanyamwezi wana utani na makabila mengi, na mtani anaruhusiwa kusema lisilosemeka bila kuonekana amekosa adabu. Mahali pengine huyo ndiye mtu pekee anayeweza kuvuka uwanja. Mzaha wake uishie mlangoni, lakini. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, mpango ulioanzishwa na daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda umekuwa ukiwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu kuchambua tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Walichagua bibi kwa sababu watu walikuwa wamezoea kuwaambia mambo, basi.

Na waganga wa jadi? Tabora watu wengi huanzia kwa mganga, na kumtukana mganga ni kumwambia mgonjwa asirudi kwako. Afadhali mkubaliane naye: atibu anachotibu, ila anayetaja kufa asilale kwake bila mwangalizi, na asubuhi apelekwe zahanati. Padri, mchungaji na imamu waambiwe hayohayo. Sala haimkatazi mtu dawa ya hospitali.

Zahanati, karatasi na sheria

Mlango wa kwanza ni zahanati ya kijiji. Ikishindwa, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya Kitete mjini Tabora. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni ya rufaa kwa magonjwa ya akili, na wengi hawahitaji kufika huko. Daktari akiandika dawa za sonona, familia ijue kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, kwamba wiki za mwanzo ndizo za kumtazama kwa karibu, na kwamba vidonge vitolewe vichache na kutunzwa na mtu mwingine. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hushughulikia vipigo, matunzo ya watoto na wazee waliotengwa. Kwa mtoto kuna simu 116, bure. Namba ya afya ya wizara, 199, nayo ni bure.

Hofu ya polisi huchelewesha watu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imerithi kutoka enzi za Waingereza wazo kwamba kujaribu kujiua ni kosa, kwa hiyo familia husema kwenye kituo cha afya "alikosea chupa". Uongo huo humnyima daktari habari anayoihitaji zaidi. Mwambieni mhudumu ukweli. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Mbano wa sheria haujawahi kumtoa mtu ukingoni, umemfundisha kuficha.

Ziara 9

Aliyenusurika hurudi kijijini, watu wakamchungulia, wengine wakasema huyo atarudia tu. Wengi sana hawarudii hadi kufa, karibu 9 kati ya 10. Lakini miezi ya kwanza ina hatari kubwa, na hapa kuna jambo rahisi lililopimwa. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi 5, zikiwamo India, Brazil na Sri Lanka, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya jaribio. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu waliongezewa mazungumzo ya saa moja na kufuatiliwa mara 9, kwa simu au ziara: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, kisha mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Baada ya miezi 18, waliojiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2. Kundi la pili, asilimia 0.2.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuifanya kazi hii kwa daftari na baiskeli. Ziara haihitaji utaalamu mkubwa: unalalaje, umekula nini, yale mawazo yamerudi, dawa ziko kwa nani, nani umeongea naye wiki hii. Kosa la kawaida ni kuanza kwa nguvu na kuacha wiki ya 4, kwa sababu mtu anaonekana mzima na kilimo kimeanza. Tarehe zote 9 ziandikwe siku ya kwanza, pamoja na jina la atakayeshika zamu mhudumu akisafiri.

Msiba ukitokea licha ya yote, msemaji kaburini na mtangazaji wa redio wana jukumu moja. Wasieleze namna, wasisome barua, wasiseme "amepumzika na shida", kwa kuwa yupo kijana pale nyuma mwenye shida hizohizo anayesikiliza. Picha zisipande WhatsApp. Matanga yakae kama ya mtu mwingine yeyote. Familia inayozika kimyakimya na kutawanyika jioni imeachwa na swali ambalo haiwezi kulibeba peke yake, na waliofiwa kwa njia hii wao wenyewe wako hatarini kuliko wengine. Kwa hiyo mjane na watoto nao waandikwe kwenye lile daftari, tarehe 9, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki moja baada ya maziko.